Kuvua Samaki Houston na Galveston, Septemba na Oktoba: Diko, Leseni na Maji ya Kuchagua

Houston ina wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwemo familia zilizotoka Kongo na Burundi kupitia kambi za wakimbizi za Tanzania na Uganda, na baadhi yao wamekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambako uvuvi ni kazi ya kila siku. Wakifika Texas hukuta maji kila upande: Ghuba ya Galveston kusini-mashariki mwa mji, mabwawa makubwa ya Conroe na Livingston upande wa kaskazini, na vidimbwi vya bustani za umma katikati ya mitaa. Ugumu hauko katika kupata samaki. Uko katika kujua ni wapi mtu anaruhusiwa kuingia majini, kwa chombo gani, kwa leseni ipi, na siku gani upepo utamruhusu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ruhusa, unakwenda kwenye diko, yaani mahali pa kuingilia majini, na ndipo unafika kwa samaki.

Nimechagua Septemba na Oktoba kwa sababu ndiyo miezi ambayo maji ya eneo hili hubadilika. Usidanganywe na kalenda, kwani Septemba ya Houston bado ni joto kali, na asubuhi za mwanzo wa mwezi hazitofautiani na zile za Julai. Mabadiliko ya kweli huanza pale hewa baridi ya kwanza inaposhuka kutoka kaskazini, mara nyingi kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na kuanzia hapo samaki wa baharini na wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huanza kula kwa pupa ambayo hawakuwa nayo wakati wa kiangazi.

Leseni kwanza

Leseni za uvuvi za Texas hutolewa na idara ya jimbo iitwayo Texas Parks and Wildlife Department, na mwaka wake huanza Septemba 1 na kumalizika Agosti 31. Hili lina maana kubwa kwa msimu tunaouzungumzia, kwa sababu leseni ya kawaida ya mwaka uliyonunua mwezi wa Mei inakuwa imekwisha unapofika Septemba, hata kama unaona umeitumia mara chache tu. Mkazi, yaani mtu aliyeishi Texas mfululizo kwa zaidi ya miezi 6, amekuwa akilipa dola 30 kwa maji baridi peke yake, dola 35 kwa maji chumvi, na dola 40 kwa leseni ya maji yote. Kwa tofauti ndogo kiasi hicho, sioni sababu ya mtu wa Houston kununua nyingine yoyote isipokuwa ile ya maji yote. Watoto walio chini ya miaka 17 hawahitaji leseni.

Asiyetaka kugharimika kabla ya kujaribu anayo njia halali kabisa: ndani ya mbuga za jimbo la Texas, mtu anayevua akiwa ukingoni au kwenye gati la mbuga hahitaji leseni, ingawa kanuni za idadi na urefu wa samaki zinabaki palepale na kiingilio cha mbuga hulipwa pale kinapotozwa. Sheldon Lake State Park, iliyo ndani ya eneo la Houston, haitozi kiingilio. Brazos Bend State Park, kusini-magharibi mwa mji, inapendeza zaidi kwa mandhari yake, lakini ina mamba wa Marekani wengi, nao hujilaza hadi kando ya njia za kutembelea. Kaa mbali nao kwa futi 30 au zaidi, usiogeshe miguu, usiache samaki waliovuliwa wakining'inia majini kwa kamba, na usimwachie mtoto mdogo nafasi ya kwenda ukingoni peke yake.

Jambo linalowaingiza watu wa maziwa makuu katika matatizo ni nyavu. Jarife na nyavu nyingine za kutega haziruhusiwi kwa mvuvi wa kawaida wa Texas. Kimia, yaani wavu wa kurusha kwa mkono, kinaruhusiwa kwa kukamata chambo, lakini samaki wa thamani kama besi wa mabwawani au redifishi wa ghubani akinaswa humo lazima arudishwe majini, hata kama amezidi urefu unaotakiwa. Samaki hao huvuliwa kwa fimbo na mshipi tu. Askari wa uvuvi hupita madikoni bila taarifa na wana mamlaka ya kufungua sanduku lako la barafu.

Diko na mteremko wa boti

Kwa asiye na boti, mahali ninapopashauri kwanza ni Texas City Dike. Huu ni ukuta mrefu wa mawe na barabara unaoingia ndani ya Ghuba ya Galveston kwa takriban maili 5, na mtu anaweza kuegesha gari, akateremka hatua chache, akarusha ndoana katika maji yenye kina. Ukuta huohuo una miteremko ya saruji ya kushushia boti, na njiani kuna vibanda vya kuuzia chambo. Asiye mkazi wa Texas City huenda akatozwa ada ya gari, hasa miezi ya joto. Ukuta huu hauna kinga yoyote dhidi ya bahari ikichafuka: tufani Ike, iliyopiga Galveston Septemba 13, 2008, ilifagia majengo yaliyokuwapo, na msimu wa tufani huendelea hadi Novemba 30, huku kilele chake kikiangukia katikati ya Septemba. Utabiri wa hali ya hewa wa siku tano mbele ni sehemu ya vifaa vya uvuvi katika miezi hii.

Upande wa pili wa mlango wa ghuba kuna rasi ya Bolivar, ambako utavuka kwa kivuko cha serikali kisichotoza nauli. Kutoka ufukweni unaweza kutembea juu ya mawe ya ukuta wa kaskazini wa mlango huo, ambao umejengwa kuelekea baharini kwa karibu maili 5. Mawe hayo huota ukoga na kuteleza, kwa hiyo viatu vyenye soli ya kushika ni lazima, wala usiende mbali kuliko unavyoweza kurudi haraka mawimbi yakipanda. Mahali pamoja ninapomkataza mgeni kuingia kwa miguu ni San Luis Pass, mwisho wa magharibi wa kisiwa cha Galveston. Mkondo wa pale una nguvu, mchanga wa chini huhamahama, na watu wamezama wakiwa wamesimama katika maji ya kiunoni dakika moja kabla.

Kwa maji baridi, bwawa la Conroe liko chini ya saa moja na nusu kutoka katikati ya Houston, na sehemu ya kingo zake imo ndani ya msitu wa taifa wa Sam Houston. Humo kuna miteremko ya umma ya Scotts Ridge na Cagle, inayotoza ada ndogo ya siku. Kabla ya kuondoka nyumbani, tazama kina cha bwawa, ambacho Texas Water Development Board hukichapisha kila siku, kwa sababu baada ya kiangazi kikavu maji hushuka na mteremko ukaishia juu ya tope. Trela ikipitiliza ukingo wa saruji, gurudumu hudumbukia shimoni na gari la kawaida haliwezi kulinyanyua.

Sasa kuhusu kushusha boti yenyewe, ambapo nimeona watu wakigombana kuliko mahali pengine popote pa uvuvi. Kazi yote ya matayarisho hufanyika uwanjani, mbali na mteremko: pakia vifaa, funga kizibo cha tundu la kutolea maji, hakikisha betri ina chaji na ufunguo umo mfukoni, fungua mikanda ya nyuma inayoshika boti kwenye trela, chomoa waya wa taa za trela, na funga kamba ndefu kwenye omo, yaani mbele ya boti. Kamba au waya wa winchi usiuguse hadi boti iwe imegusa maji, kwani boti isiyoshikwa na winchi huteleza na kuanguka juu ya saruji. Zamu yako ikifika, rudi nyuma polepole mkono mmoja ukiwa umeshika sehemu ya chini ya usukani, kwa kuwa hapo mkono ukienda kushoto trela nayo huenda kushoto. Simama pale nyuma ya boti inapoanza kuelea, vuta breki ya mkono, kisha achia winchi na isukume boti huku mwenzako akiishika kwa kamba. Isogezwe mara moja pembeni mwa gati ili anayefuata apite.

Miteremko ya maji chumvi ina jambo la ziada. Mstari ambapo maji hujaa na kupwa huwa na utando wa kijani unaoteleza kama sabuni, nao unaonekana wazi maji yakiwa yamepwa. Matairi ya gari lako yabaki juu ya mstari huo, kwenye saruji kavu, na kama boti haifiki majini kutoka hapo, subiri maji yapande au nenda diko lingine. Pia, beringi za trela zilizopata moto kwa mwendo wa saa moja barabarani zikizamishwa ghafla majini hupoa kwa kasi na kufyonza maji ya chumvi ndani, na hapo kutu huanza. Gusa kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono. Kama ni cha moto, kiache kipoe dakika kumi, nawe upakie vifaa uwanjani.

Sheria ya chombo ni fupi. Boti yenye injini lazima isajiliwe, kila mtu awe na jaketi la kuokolea linalomtosha, na mtoto chini ya miaka 13 alivae muda wote chombo cha chini ya futi 26 kinapokuwa mwendoni. Aliyezaliwa Septemba 1, 1993 au baadaye hawezi kuendesha boti ya zaidi ya nguvu farasi 15 bila cheti cha mafunzo. Kayaki haihitaji kusajiliwa, lakini jaketi linahitajika, na kwa maoni yangu kayaki ndiyo chombo cha busara kwa anayeanza, kwani hushushwa ukingoni popote panaporuhusiwa bila foleni wala trela.

Upepo na maji ya ghuba

Aliyezoea Mombasa au Zanzibar, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, atashangaa kwamba Galveston tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata futi mbili. Kinachotawala hapa ni upepo. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji kuingia ghubani na kuyajaza hadi kwenye majani ya vinamasi, wakati upepo wa kaskazini unaofuata hewa baridi huyafukuza kwenda baharini, mara nyingine kwa kiasi cha kuacha miteremko mikavu na boti zimekaa juu ya tope. Ratiba ya maji peke yake, bila utabiri wa upepo, itakupotosha.

Mabadiliko haya ya upepo ndiyo yanayoleta samaki. Kamba weupe waliokua kiangazi kizima ndani ya vinamasi husombwa na maji yanayotoka na kuingia katika ghuba iliyo wazi, nao mkizi hukusanyika makundi makundi na kusafiri kando ya ufukwe. Wanaowala hukaa njiani wakiwasubiri, kwa hiyo midomo ya vijito, kona za majani na milango inayounganisha ghuba na bahari ndiyo mahali pa kutega. Siku moja au mbili kabla ya hewa baridi kufika huwa nzuri mno. Siku yenyewe upepo ni mkali na haifai kutoka na boti ndogo, na siku ya pili baada yake, anga ikiwa nyeupe na upepo umetulia, ghuba huwa na uhai tena.

Redifishi wakubwa ndio fahari ya miezi hii. Kuanzia Agosti hadi Novemba hukusanyika karibu na milango ya bahari ili kutaga, na kwa hiyo mtu aliye ukutani Texas City au kwenye mawe ya Bolivar anaweza kushikana na samaki wa mita moja bila kupanda boti. Tumia mshipi wa nguvu ya ratili 30 hadi 50, ndoana ya mviringo ambayo hushika kona ya mdomo badala ya kumezwa, na chubwi yenye miguu ya waya inayong'ang'ania mchanga mkondo unapokuwa mkali. Chambo ni kipande cha mkizi mbichi au kaa wa bluu aliyekatwa nusu. Samaki akigusa usimvute kwa kishindo, bali mwache aende na chambo na kaza mshipi taratibu hadi ndoana ijigeuze yenyewe.

Kanuni inaruhusu redifishi 3 kwa siku walio kati ya inchi 20 na 28. Mkubwa zaidi ya inchi 28 huchukuliwa kwa lebo inayokuja na leseni ya maji chumvi, na bila lebo hurudishwa. Ipo sababu: redifishi hupevuka akikaribia urefu huo na anaweza kuishi miongo kadhaa, kwa hiyo wale wakubwa ndio wazazi wa samaki wote wa ghuba. Mnyanyue kwa mikono miwili akiwa amelala, si kwa kumning'iniza taya, na mshike majini uso wake ukielekea mkondo hadi aondoke kwa nguvu zake.

Kwa trauti wa baharini mwenye madoa, tafuta shakwe. Ndege hao wakiwa wanazunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, ujue trauti wako chini wakiwasukuma kamba juu. Zunguka upande upepo unapotoka, zima injini mbali nao, na uache boti ielee kuwafikia, kwa sababu anayepita katikati kwa kasi huwatawanya samaki na kuwaudhi wavuvi wengine wote walio karibu. Kamba hai chini ya boya linalotoa mlio ukilivuta hutosha. Trauti wanaoruhusiwa tangu 2024 ni 3 kwa siku, kati ya inchi 15 na 20. Gayogayo, samaki bapa wa chini, naye huanza kusogea kuelekea baharini Oktoba, akijilaza chini kwenye midomo ya vijito. Anayeruhusiwa ni wa inchi 15 na zaidi, na uvuvi wake hufungwa Novemba 1 hadi Desemba 14, kwa hiyo Oktoba ndiyo nafasi ya mwisho kabla ya kufungwa.

Ukiingia majini kwa miguu, buruta nyayo bila kuzinyanyua ili taa aliyefukiwa mchangani aondoke kabla hujamkanyaga. Hongwe, yaani kambare wa baharini, ambaye atakula chambo chako mara nyingi kuliko ungependa, ana miba mitatu yenye sumu, basi mshike kwa koleo. Maji ya Septemba yana joto linalokuza bakteria wa vibrio, na mwenye kidonda kibichi, maradhi ya ini au kisukari asiingie. Kidonda kikivimba na kuuma saa chache baada ya kugusa maji hayo, nenda hospitali usiku huohuo.

Mabwawa ya maji baridi

Kiangazi, maji ya chini kabisa ya mabwawa haya hukosa oksijeni na samaki hubanana katikati. Usiku unapoanza kupoa, maji ya juu hushuka na kuchanganyika na ya chini, na kwa siku chache bwawa huwa na rangi ya matope na harufu nzito, wala samaki hawali vizuri. Likiwa hivyo, achana na maji ya kina na panda kufuata vijito vinavyoingia bwawani. Huko ndiko shadi wanakoelekea, samaki wadogo wang'aao walio wa ukoo mmoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na nyuma yao huja besi.

Livingston, bwawa kwenye mto Trinity, linajulikana kwa besi weupe. Alfajiri huibuka kwa makundi wakiwafukuza shadi hadi juu, maji yakachemka kwa dakika chache na kutulia. Kijiko kidogo cha chuma kinachong'aa, kikirushwa kando ya kundi, hushikwa mara moja. Wanaoruhusiwa ni 25 kwa siku, wa inchi 10 na zaidi. Besi mdomo mpana wa jimbo zima ni wa inchi 14 na zaidi, lakini bwawa la Conroe lina kanuni yake ya inchi 16, na idadi ya kambare nayo hutofautiana bwawa kwa bwawa, kwa hiyo soma ukurasa wa bwawa lako kabla ya kwenda.

Kwa familia yenye watoto, vidimbwi vya bustani kama Mary Jo Peckham mjini Katy vinatosha. Idara huvipandikizia kambare, kila mtu hutumia fimbo zisizozidi mbili, na kambare ni 5 kwa siku. Perege wapo katika maji kadhaa ya Texas, nao huhesabiwa kuwa wageni waharibifu: kumla kunaruhusiwa, lakini ni kosa kumsafirisha akiwa hai, hata ndani ya ndoo ya gari lako mwenyewe.

Kabla ya kurudi nyumbani

Boti ikishatoka, ivute hadi uwanjani, toa kizibo, mwaga maji yote pamoja na ya sanduku la chambo, na ng'oa kila uzi wa magugu ulioshikamana na trela. Sheria ya Texas inataka hivyo kwa ajili ya kome wa zebra na gugu liitwalo salvinia, ambavyo huhama kutoka bwawa hadi bwawa kwa njia hiyo. Kama ulikuwa maji chumvi, pitisha maji ya bomba ndani ya injini na uoshe breki na beringi jioni hiyohiyo.

Samaki wa karibu na mfereji wa meli wa Houston na mto San Jacinto wana tahadhari ya idara ya afya ya jimbo kwa sababu ya sumu za viwandani, na tahadhari kuhusu kambare inaenea katika ghuba nzima, ikiwahusu zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Redifishi na gayogayo wa upande wa Galveston ni chaguo bora la sufuria ya nyumbani. Wagawie majirani na waumini wenzako upendavyo, ila usiwauze: tangu 1981 ni marufuku Texas kuuza redifishi au trauti waliovuliwa katika maji ya jimbo.